Fundi Saa Tuliyemlilia Mara Mbili

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake, na ninyi mliosimama juani kwa sababu viti havikutosha, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mvumilie sauti ya msomaji ikikwama, kwani historia hii ya mzee wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, imeandikwa mara mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi na yenye adabu, ilisema kwamba marehemu hakujaaliwa kuoa wala kupata mtoto, na ingesomwa hapa mkaitikia na kwenda zenu, lakini ilipopelekwa kwa wazee jana alasiri ilirudi vipande vipande. Aliyeichana tutamtaja tukimfikia. Hii ndiyo ya pili, ni ndefu, na ni ya kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1929, mtoto wa kwanza wa mpiga kengele wa stesheni na mke wake aliyekuwa akifua nguo za mafundi wa karakana, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokaribiana na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vilitembea vyenyewe kabatini, na bibi yetu, mama yake, alikuwa na utani kwamba mtoto huyo hakulia kwa njaa, alilia treni ikichelewa. Tarehe 2 Septemba 1932 akazaliwa mdogo wake, na tangu hapo wakawa chanda na pete, mkubwa akimbeba mdogo mgongoni hata baada ya mdogo kumzidi uzito, jambo ambalo halikuchukua muda, kwani mdogo alipenda mkate tangu utotoni, na mtasikia mapenzi hayo yalimfikisha wapi.

Alisoma shule ya watoto wa wafanyakazi wa reli kuanzia Januari 1937 hadi Desemba 1943, akiwa wa kawaida katika hesabu, hafifu katika kuimba, na mtundu kupita kiasi mbele ya kitu chochote chenye skrubu, na wenzake walimkumbuka kwa siku aliyoishusha saa ya ukutani iliyokuwa imekufa miaka mingi, akaifungua kwa kisu cha kumenyea viazi, akaifanya itembee, ikawa amechapwa kwa kuifungua na kupigiwa makofi kwa kuitengeneza, yote katika asubuhi moja. Alipenda kusema kwamba hiyo ndiyo siku aliyoielewa serikali ya kikoloni.

Tarehe 1 Februari 1945 aliajiriwa na shirika la reli kama mwanagenzi katika chumba cha saa, ghorofa ya juu ya makao makuu, chumba chenye meza ndefu chini ya dirisha, droo ndogondogo zilizojaa magurudumu na springi, harufu ya mafuta mepesi, na amri moja isiyovunjwa, kwamba mtu akiwa na kioo jichoni hasemeshwi. Kufikia mwaka 1951 alikuwa ndiye fundi wa saa za njia nzima, na kazi yake, kwa wale ambao hawakuiona, ilikuwa hivi: kila wiki alichukua majira kutoka kwenye saa kuu ya makao makuu, akayatia katika saa yake ya mfukoni, akaifunga saa hiyo kwa kitambaa cha sufi, akapanda behewa la wafanyakazi na kushuka kila stesheni, akaegemeza ngazi ukutani, akafungua kioo, akatia ufunguo na kusogeza mishale. Wenyewe waliita kazi hiyo kubeba saa. Wakuu wa stesheni walikuwa wakimtania wakimwona anashuka na ngazi yake begani, “Fundi, leo umetuletea saa ngapi?” naye akijibu kwamba amewaletea ileile ya juzi, waliyoiharibu wao.

Mkubwa wa reli wakati huo alikuwa mzungu aliyeitwa na wafanyakazi Bwana Dakika, mtu ambaye angeweza kumfukuza mfagiaji kwa kuchelewa na yeye mwenyewe akachelewesha mishahara bila kupepesa jicho, na huyo alikuwa akipiga meza mwaka hadi mwaka akitaka saa za njia nzima zikubaliane, kwa kuwa hazikuwahi kukubaliana, hii mbele, hii nyuma, joto likizivuta huku na vumbi likizisukuma kule. Marehemu alivumilia kelele hizo. Asichovumilia ni kumwona baba yake, mpiga kengele, akivua kofia na kusimama kando ya njia ili mtoto wa Bwana Dakika, aliyekuwa hajafikia kimo cha meza, apite kwanza. Alijiunga na chama cha kudai uhuru mwezi Agosti 1952, katika chumba cha nyuma cha kinyozi, na aliporudi nyumbani aliulizwa na mdogo wake huko walikokuwa wamefanya nini, akasema, “Tumeamua kwamba nchi ni yetu. Bado kuwaambia wanaojiita wenyewe.”

Tarehe 18 Desemba 1954 marehemu alifunga ndoa. Ndiyo, mmesikia sawasawa, na wale wanaogeukiana huko nyuma wageukie mbele, tunaendelea. Alimwoa msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akishona mapazia ya mabehewa katika karakana iliyotazamana na chumba cha saa, ambaye alimpelekea saa yake ya mezani iliyoharibika, na marehemu, aliyeweza kuitengeneza kabla chai haijapoa, aliishikilia muda mrefu kwa visingizio, springi haijafika, skrubu imepotea, njoo kesho, njoo keshokutwa, mpaka binti wa watu akamuuliza mbele ya mafundi wote, “Fundi, inayoumwa ni saa au ni wewe?” Mafundi walicheka hadi wakatoa vioo machoni. Walipewa chumba kimoja katika nyumba za reli, kitanda, meza, mabati yanayovuja upande wa mlango tu, na kwa mujibu wa bibi harusi mwenyewe walikuwa na furaha kiasi cha kuona haya.

Sasa tufike kwenye mgomo. Viongozi wa chama walitaka njia nzima isimame kwa wakati mmoja, kwani mgomo uliotangulia ulivunjwa kwa sababu stesheni moja ilianza mapema, askari wakapakiwa kwenye treni na kuteremshwa kwenye stesheni zilizokuwa bado zinangoja, na simu za reli zilikuwa na masikio, hazikufaa kupeana habari. Marehemu aliwaambia, hilo niachieni mimi. Wiki ile alibeba saa kwa uangalifu ambao hajawahi kuutumia, akakaa juu ya ngazi mpaka aliporidhika, na Jumatatu tarehe 7 Novemba 1955, saa nne kamili asubuhi, wapiga kengele wakaacha kamba, watia makaa wakaacha koleo, wanawake wa karakana ya mapazia wakainuka kwenye cherehani, na kutoka mwanzo wa reli mpaka mwisho wake hakikusikika kitu. Bwana Dakika alipata alichokililia miaka yote, saa zake zilikubaliana, na hakufurahi.

Ila palitokea msiba. Serikali ilimtia mtu asiyejua njia kwenye injini na kumlazimisha aiondoe treni ya abiria, akaigonga treni ya mizigo iliyosimama kwenye kona, watu wakafa, na marehemu aliwaombea watu hao mpaka uzee wake bila kuwasahau hata mwaka mmoja. Serikali ilihitaji mtu wa kumtwisha, na ikasema fundi alizichezea saa ili treni zigongane, ilhali saa hazijawahi kuwa sahihi kama siku ile. Alikamatwa tarehe 10 Novemba 1955 akiwa juu ya ngazi, mkewe akiwa mjamzito wa miezi michache, akapelekwa kambi ya kizuizini kungojea kesi ambayo kamba yake ilikwisha kusokotwa.

Kambini watu hawakuwa na majina. Kila mmoja alivaa kibati cha namba shingoni, walinzi walikuwa wakibadilishwa kila mara na walisoma vibati, hawakusoma sura. Aliyelala kando ya marehemu alikuwa mtia makaa wa injini, waliyemwita Makaa, mtu mkubwa, mcheshi, asiye na mama wala baba wala mke, aliyefungwa bila muda kwa kumpiga msimamizi. Makaa aliugua kuhara damu, na alipoona hatapona, yeye mwenyewe ndiye aliyetoa shauri, akasema, “Mimi sina wa kunililia. Chukua jina langu, halijatumika sana.” Alifariki asubuhi ya tarehe 21 Februari 1956, na kabla ya hesabu ya asubuhi wenzao walikuwa wamebadilisha vibati, Makaa akazikwa kwa jina la Fundi Saa, na Fundi Saa akapona kitanzi kwa jina la Makaa.

Hapa ndipo ulipo moyo wa habari hii, naomba msikilize. Siku hizo mfagiaji wa kambi alikuwa anaachiliwa, akamwendea marehemu kwa siri na kumuuliza, “Nimpitie mkeo nimwambie uko hai?” Marehemu alijua kwamba mkuu wa kambi alikuwa na shaka, na kwamba askari atatumwa nyumbani kumtazama mjane jinsi anavyolia. Akasema, “Usimwambie. Mke wangu hajui kudanganya. Akishindwa kulia, mimi nimekwisha.” Alidhani ni jambo la miezi. Wote kambini walidhani hivyo, uhuru ulikuwa ukisemwa kila jioni kana kwamba umeshafika stesheni ya jirani, na hakuna hata mmoja kati yao, watu wenye akili zao, aliyekumbuka kwamba mwanamke aliyeambiwa mumewe amekufa huwa anaamini.

Basi askari walikwenda na kikombe cha bati na mkanda, vitu vya marehemu, wakavikabidhi, na mmoja akabaki mlangoni akitazama. Alitazama akaridhika. Msichana yule alilia mpaka majirani wakaogopa kwamba mimba itatoka, alilia kilio ambacho serikali nzima ilikiamini, na kwa kilio hicho mumewe akaishi. Mimba haikutoka. Tarehe 26 Aprili 1956 alijifungua binti, na binti huyo, ambaye vyeti vyake vyote vinasema ni yatima aliyelelewa na baba mdogo, ndiye anayewasomea historia hii.

Shirika la reli lilimtoa mjane katika nyumba zake kabla mtoto hajatimiza arobaini, na aliyemfuata na mkokoteni kuchukua kitanda na cherehani ni mdogo wa marehemu, ambaye kwa mapenzi yale ya mkate alikuwa amekwisha kuwa mwokaji mwenye tanuri lake, na vyumba viwili nyuma ya tanuri. Alimpa shemeji yake vyumba vyote viwili. Yeye alilala dukani juu ya magunia ya unga kwa miaka mitatu, akaamka mweupe kila asubuhi watu wakamcheka, alimbembeleza mtoto kwa mkono mmoja na kukanda kwa mwingine, na mtoto alipoanza kusema, neno la kwanza lilikuwa baba, na alilielekeza kwake. Alikwenda nyuma ya tanuri akalia. Tarehe 20 Juni 1959, kwa ridhaa ya pande zote mbili, alifunga ndoa na shemeji yake, na katika nyumba ile picha ya kaka yake ilibaki ukutani, juu, mahali pa kwanza pa kupigwa na mwanga mlango ukifunguliwa.

Hayawi hayawi, huwa. Uhuru ulipangwa kuwa tarehe 15 Mei 1962, wafungwa wa kambi wakaachiliwa wiki moja kabla, na tarehe 9 Mei, alasiri, marehemu alifika kwenye duka la mdogo wake akiwa na shati la kambi na ndevu, akakuta foleni ya mkate, na kwa kuwa hakujua aanzie wapi, akasimama kwenye foleni kama mteja mwingine. Alipofika mbele, mdogo wake, unga mpaka viwikoni, hakuinua macho, akauliza, “Mmoja au miwili?” Marehemu akasema, “Mmoja, mdogo wangu.”

Mikate ilianguka. Mwokaji alitoka nyuma ya meza akamshika kaka yake mabega, uso, masikio, akimpapasa na kumpaka unga, akilia kwa sauti mbele ya wateja, na kwa kelele hizo mke akatoka chumba cha nyuma akiwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu kiunoni, mwingine tumboni, na binti wa miaka sita akiwa ameshika sketi yake. Hakupiga ukelele. Aliketi chini, palepale sakafuni, kwenye unga. Binti hakuelewa chochote, akamvuta mwokaji aproni, akauliza, “Baba, huyu ni nani?”

Hakuna aliyemlazimisha marehemu kusema alichosema. Wangeweza kungoja, wangeweza kumtoa mtoto nje, wazee wangeweza kuitwa. Lakini alimtazama mdogo wake, akamtazama mkewe pale chini, akawatazama wale watoto, akachuchumaa mbele ya binti yake aliyekuwa hajamwona tangu azaliwe, akamwambia, “Mimi ni baba yako mkubwa.”

Jioni ile mwokaji alitia nguo zake kwenye gunia la unga ili aondoke, na marehemu akazitoa moja moja na kuzirudisha msumarini, akimuuliza, “Na huyu wa kiunoni utamwachia nani? Na wa tumboni?” Walibishana hivyo, huyu anatia, huyu anatoa, kila mmoja akimsukumia mwenzake heshima, na watu walioisikia habari hii baadaye waliwasifu wote wawili. Mama yetu hakuwasifu. Amesema mpaka leo, na ameniruhusu kulisoma, kwamba wanaume wawili walikaa wakamgawa bila kumgusa bega, yeye akiwa katikati kama mzigo wa stesheni usio na mwenyewe, na kwamba lau mmoja wao angemuuliza anamtaka nani, angejibu kwamba hajui, na kutojua huko kungekuwa kwake. Hawakumuuliza. Alibaki na mwokaji, ambaye alimpenda na hakupata kumjutia, na marehemu akapanga chumba ng'ambo ya ua, dirisha likitazama jiko lao, na tangu siku hiyo akamwita mkewe shemeji.

Chumba hicho mnakijua, mlileta saa zenu pale kwa zaidi ya miaka hamsini. Mnakumbuka meza yake chini ya dirisha, ukuta uliojaa saa za watu zisizochukuliwa, na ukali wake kwa mtu aliyemsemesha kioo kikiwa jichoni. Mnakumbuka pia kwamba kila asubuhi mkate wa kwanza kutoka tanurini ulivuka ua ukiwa umefungwa kwa kitambaa, na kwamba mwokaji aliupeleka kwa mkono wake hata alipoanza kutembelea fimbo. Wengi mlijua na mkanyamaza, funika kombe mwanaharamu apite, na familia inawashukuru kwa kunyamaza huko, ingawa leo inalifunua kombe yenyewe.

Serikali mpya ilitundika ubao wa shaba kwenye ukuta wa stesheni wenye majina ya waliokufa kwa ajili ya uhuru, na jina la marehemu likiwamo, la tatu kutoka juu. Kila mwaka, siku ya uhuru, mama yetu alialikwa kama mjane wa shujaa kuweka maua chini ya ubao ule, akaenda kwa kuwa kutokwenda kungezua maswali, na kwa kuwa sherehe huchelewa na jua ni kali, shemeji yake alisimama nyuma yake akimshikia mwavuli. Jina lake lilisomwa, watu wakanyamaza kwa heshima, naye akanyamaza pamoja nao. Mwaka mmoja kiongozi fulani alimshika mkono akamwambia, “Mzee, na wewe ulimfahamu marehemu?” Akajibu, “Kidogo.” Mama alicheka njia nzima kurudi nyumbani, kisha akafika akajifungia chumbani, na siku hiyo hatukula.

Mara moja tu alijaribu kuwa hai. Tarehe 3 Machi 1964 alivaa koti, akaenda ofisi ya vizazi na vifo, akapanga foleni, na karani wa dirishani, kijana mwenye adabu, akamweleza kwamba inawezekana kabisa kufuta kifo, ila kwanza itabidi ndoa ya mjane ifutwe, na watoto waliozaliwa katika ndoa hiyo waandikwe upya kuwa ni wa nje. Marehemu alichukua kofia yake akasema, “Samahani, nimekosea dirisha.” Akarudi kazini.

Binti aliambiwa na mama yake tarehe 12 Agosti 1977, siku chache kabla ya harusi yake mwenyewe, na alivuka ua mbio, akamkuta marehemu na kioo jichoni, akafungua kinywa. Marehemu alikuwa ameshaona machoni mwake. Aliweka kibano chini, akamshika mkono akamwambia, “Usiniite. Neno hilo ni la mdogo wangu, amelala kwenye magunia kwa ajili yake. Ukinipa mimi, yeye atabaki na nini?” Akamwita mwanangu, kama kila baba mkubwa anavyomwita mtoto wa mdogo wake, jambo lisilomshtua mtu. Neno la mwanangu alilitumia atakavyo maisha yake yote. Lile jingine hakulisikia. Siku ya harusi aliketi safu ya tatu, akapiga makofi wakati mwokaji alipomkabidhi binti, na wote waliokuwapo wanasema alikuwa na uso wa furaha, na ilikuwa furaha kweli, msidhani vinginevyo.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Oktoba 2015, akatibiwa na kurudi nyumbani mara kadhaa, na tarehe 22 Julai 2016 alilazwa katika wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Siku ya tatu muuguzi alikuja kuuliza ni nani ndugu wa karibu wa kusema na daktari, akatutazama sote, kisha akamwelekea mama yetu aliyekuwa akimfuta marehemu midomo kwa kitambaa chenye maji, akamuuliza, “Bibi, wewe ni nani kwake?” Mama hakuacha kufuta. Akasema, “Mke wake.”

Mwokaji alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda na fimbo yake kati ya magoti, mzee wa miaka themanini na tatu, na muuguzi, aliyeona kuna jambo, akamtazama kana kwamba anaomba uthibitisho. Mwokaji akasema, “Ndiye. Mwandike.” Marehemu, ambaye tulidhani amelala, akafungua jicho moja, akasema kwa sauti yake iliyokwisha, “Shemeji, usinitie matatani na ndugu yangu.” Tulicheka, wote, hata muuguzi. Kisha akageuza uso dirishani, mabega yakawa yanatikisika, mama akaweka mkono wake juu yake, na hakuna aliyetoka wala aliyeingia.

Alifariki Alhamisi tarehe 4 Agosti 2016, saa kumi alasiri, mama akiwa ameshika mkono wake wa kulia na mdogo wake wa kushoto.

Aliyeichana historia ya kwanza ni mwokaji, Baba yetu. Alisomewa jana kwenye meza yake ya kukandia, na ilipofika mahali pa kutojaaliwa kuoa aliinyakua, akairarua, na unga ukaruka. Akasema, “Hakujaaliwa? Na mimi nimeishi na mke wa nani? Kaandike tena, na uandike yote, mimi nimeitwa baba miaka sitini, sitapungua kitu.” Ni mara ya kwanza katika maisha yetu kumsikia akipaza sauti.

Marehemu ameacha mjane mmoja, aliyeketi kichwani pa jeneza, na aliyemshika mkono kumketisha pale ni mdogo wake. Ameacha mdogo wake huyo mmoja. Ameacha mtoto mmoja wa kumzaa, watoto watatu wa mdogo wake aliowapenda bila ubaguzi, wajukuu kumi na mmoja, na vitukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, na kwa namna ya pekee yule muuguzi aliyeuliza swali ambalo sisi tulishindwa kuliuliza. Inawashukuru majirani wa ua wetu waliopika na kuchota maji tangu Alhamisi, wastaafu wa reli waliobeba jeneza, na waokaji waliolizima tanuri leo kwa mara ya kwanza tangu lijengwe. Inamshukuru pia Makaa, aliyelala katika kaburi lenye jina lisilo lake, na inaahidi kwamba tutakwenda kuliandika jina lake, kwa kuwa sasa lile jingine lina mahali pake hapa.

Ulipigania nchi ukaipata, ukarudi ukakuta nyumba yako ina watu, ukasimama kwenye foleni. Ulikataa nisikuite ili mdogo wako asiumie. Nimekuita mbele ya watu wote hawa, naye amekaa pale, anatikisa kichwa kukubali, hajaumia. Pumzika, baba.